Mke Mwenza Asiye na Sawasawa

Jumanne, 4 Machi

Mke mwenza karudi. Kapungua.

Ndivyo nilivyosema pakiti ilipofunguliwa, nikacheka peke yangu maana mwenye mke hakucheka. Binti yetu ndiye aliyeiagiza kutoka huko nje wanakoitengeneza. Ni kalkuleta ileile ya baba yake, umbo lilelile, vitufe vilevile, ila imefinywa ikawa na ukubwa wa kadi ya benki. Mleta vifurushi aliponipa kiboksi, kwa udogo wake nikadhani nimeletewa mkufu. Nilijidanganya vizuri tu mpaka mkasi ulipopita kwenye utepe.

Ile ya zamani ilikuwa mke mwenza kweli. Mzee wangu ni mpima ardhi. Tangu tuoane kalkuleta yake ilikaa mfuko wa kifuani, upande wa moyo, na mimi fundi cherehani nikawa namshonea kila shati mfuko mpana wa kuilaza — kwa sababu kalkuleta za watu husimama, ya kwake ililala. Tukikaa mezani yeye kushoto ana hiyo, kulia ana mimi. Sikuwahi kuigusa. Hakunikataza, ulikuwa wivu tu. Siku alipoanguka kazini na kiharusi aliangukia kifua. Kioo kikapasuka, wino mweusi ukatapakaa ndani. Mume nikarudishiwa akiwa hai, mke mwenza hakupona.

Sasa huyu mdogo. Nimemweka kiganjani nikampima kama nipimavyo kitambaa. Ni chuma, cha baridi, kizito kuliko kinavyoonekana. Vitufe ni kama vifungo vya shati la kichanga. Maandishi mengine meupe, mengine ya dhahabu, mengine ya buluu, na hata nilipovaa miwani yangu ya kutungia uzi bado yalinikimbia. Ukibonyeza kinalia tik, kwa adabu. Kizuri. Roho inaniuma kusema, lakini kizuri.

Nikamwekea mzee mapajani. Akakitazama. Akageuza uso dirishani.

Nimevunjika moyo, sitaficha. Labda ni kidogo mno. Vidole vyake vimezoea nyundo ya kupigilia mawe ya mipaka, na sasa mkono wa kulia umelala, umebaki wa kushoto peke yake. Binti kapiga simu: Amekipenda? Nikamwambia amekipenda mno, mpaka ameshindwa kusema. Nusu ya hiyo ni kweli. Tangu kiharusi maneno yake yanatoka moja moja, halafu yanakauka.

Jumamosi ya wiki ijayo binti anakuja na gari kumchukua. Kwake kule mjini kuna hospitali yenye mazoezi ya kila siku, ya viungo na ya kusema. Ana chumba kimoja cha ziada, na kitanda kimoja. Mimi nina cherehani yangu na wateja wangu hapa. Miezi michache tu, anasema. Shemeji, ndugu yake mzee, kaafiki. Mimi nimesema haya.

Mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Tutamuulizaje?


Jumatano, 5 Machi

Nilitaka kupiga hesabu ya mapazia ya mteja. Madirisha manne, kila moja mita mbili na nusu. Hesabu ya kichwani hiyo, lakini nikasema ngoja nimwajiri mgeni. Nne. Alama ya mara. Kikanipa mambo yake. Nikarudia, kikanipa mengine. Nikatafuta alama ya sawasawa — hakuna! Sain ipo, kosain ipo, kipeuo cha pili kipo, vitu ambavyo mtu mwenye kazi zake hahitaji vyote vipo, sawasawa haipo. Badala yake kuna kitufe kimoja kirefu, kimesimama wima katikati ya wenzake. Enta.

Nikampigia binti. Nikamwambia wamekuuzia kimeo mwanangu, hiki hakina sawasawa. Akasema haiwezekani, wameandika ni nakala kamili. Nikamwambia basi nakala imesahau jambo moja dogo, majibu. Akasema atawaandikia wamrudishie pesa. Tunabishana hivyo, mzee yupo kwenye kiti chake, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani kiharusi kingine. Nikaitupa simu.

Kumbe anacheka.

Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa. Akakilaza kiganjani, na mimi nikaona kitu ambacho sikukiona jana: kidole gumba cha mkono uleule kinafika kila pembe. Ile ya zamani ilitaka mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kubonyeza. Hii inataka mmoja. Nami nilidhani udogo ndio kasoro yake!

Akabonyeza kwa ukucha. Nne. Enta. Mbili nukta tano. Na mwisho kabisa, baada ya kila kitu, alama ya mara. Kumi. Likatokea lenyewe, halikuombwa. Akanigeuzia kioo nione, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

Hapo ndipo nilipokumbuka habari ya simu. Mwezi uliopita shemeji, ndugu yake mdogo, alimwekea simu mkononi akamwambia, kaka, saba jumlisha tano. Mzee akabonyeza saba. Kidole kikahangaika juu ya kioo, kinatafuta. Akabonyeza tano. Kisha jumlisha. Kioo kikaandika sabini na tano na alama ya jumlisha inaning'inia. Shemeji akaichukua simu taratibu, akanifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya msibani: Shemeji, hesabu zimemtoka. Akampigia na binti. Siku hiyohiyo binti aliamua kumchukua, maana alisema kama mpima ardhi ameshindwa saba na tano, basi mama huwezi peke yako.

Alikuwa anatafuta Enta, jamani. Mzee wa watu alikuwa anatafuta Enta.

Na mimi niliamini. Nimelia juu ya mapazia ya mteja, ikabidi niyapige pasi upya.


Alhamisi, 6 Machi

Siku ya Mwalimu wa Maneno. Ndivyo ninavyomwita mtaalamu wa usemi, msichana mpole anayekuja na kadi zake za picha. Mzee hazipendi hizo kadi. Ukimwonyesha ndizi anakutazama kama umemtusi.

Leo msichana alikuta kalkuleta kiganjani. Akaziweka kadi begini, nikampenda hapohapo. Akavuta kigoda, akasema, Mzee, nifundishe, mimi hesabu zilinishinda. Basi mzee akafundisha. Alibonyeza na kusema. "Tatu." Enta. "Nne." Wazi kabisa, sauti yake ileile yenye mikwaruzo. Halafu kimya kirefu. Nikafungua mdomo nimsaidie, Mwalimu akanigusa goti. "Ongeza," mzee akasema, na kidole kikashuka.

Mwalimu alinifuata mpaka nje. Aliniuliza kama nimekisikia kitenzi. Mimi neno hilo sijalisikia tangu shule, nikamwambia nimesikia "ongeza". Akasema ndicho hicho. Tangu aanze kuja kwetu hajawahi kumsikia akitoa kitenzi, ni majina ya vitu tu, akadhani vitenzi vimepotea. Labda vipo ila vinachelewa. Akasema tumpe nafasi. Nikamjibu kwamba tunampa nafasi sana. Msichana akanitazama kwa heshima, akafunga kamba za viatu, akaenda zake.

Nafasi gani tena? Nyumba nzima imenyamaza kwa ajili yake.


Jumamosi, 8 Machi

Sasa nimeelewa lile jicho la Mwalimu.

Asubuhi mzee akasema, "Shati." Nikaleta shati safi. Akakataa kwa kichwa. Nikaleta lingine. Akasema, "Mfuko." Nikaleta mfuko wa sokoni! Nikamuuliza unataka twende sokoni? Unataka kitu cha sokoni? Matunda? Akapiga mkono wa kiti, na mtu huyu hata mlango hajawahi kuubamiza. Nikamuuliza mwenzangu una nini leo, shati limechafuka? Linabana? Nikubadilishe? Akafumba macho. Nami nikanuna, nikamwachia mashati yote mawili mapajani.

Akaja mteja wa gauni la harusi ya dadake. Nikapiga magoti nimpindie marinda, pini nimezibana kwa midomo kama kawaida yangu. Mzee kule nyuma akaanza tena.

"Shati."

Siwezi kujibu, mdomo umejaa pini. Mteja akanitazama kutoka juu.

"Mfuko."

Nikaendelea kupinda. Mteja akaanza kukohoa kwa aibu. Mimi nilikuwa na hamu ya kuzitema zile pini nipige kelele, mfuko gani, baba, mfuko gani!

"Punguza."

Nikageuka. Amelishika shati moja kati ya yale mawili, na mkono wake umezama ndani ya mfuko mpana niliomshonea, anakitafuta mke mwenza mdogo aliyetumbukia chini kabisa. Shati, mfuko, punguza. Alikuwa anampa fundi kazi! Kazi ya maana, iliyonyooka, kutoka kwa mteja wangu wa kwanza kabisa maishani.

Nilimwomba radhi yule dada nikaketi chini sakafuni nilivyo. Nimeelewa. Anaweka vitu kwanza. Tendo analileta mwisho. Anaongea vilevile anavyopiga hesabu, na sisi, kila akiweka namba ya kwanza tu, tunakwapua mashine tunampa jibu. Akisema chai, tayari tumemnywesha. Pengine alitaka kusema chai, shemeji, mpe. Pengine chai, sukari, punguza. Miezi hii yote!

Nimempigia Mwalimu. Nikamuuliza ni ugonjwa au ni mazoea ya kazi yake. Amesema hajui, huenda ni yote mawili, wagonjwa wengi maneno huwapotelea hivyohivyo wala hawajawahi kushika kalkuleta. Lakini furaha yake niliisikia.

Mfuko nimeupunguza. Nimeutia na kifungo. Nikamvalisha mwenyewe, nikamfunga, nikambusu shavu lile lisilohisi, halafu nikakumbuka nikambusu na lile linalohisi.


Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja na gazeti na maneno yake. Anampenda kaka yake, hilo sibishi. Ila shemeji anaongea kama bomba lililopasuka. Kaka anataka juisi. Kaka amechoka. Kaka jua linamchoma. Nikamwambia, shemeji, leo utakaa hapa, mdomo utaufunga, na kaka yako akianza neno utamsubiri mpaka amalize, hata kama itafika jioni. Akasema, shemeji umekuwa mkali. Nikamwambia sijaanza leo.

Mzee akamtazama ndugu yake muda mrefu.

"Wewe," akasema.

"Mimi hapa kaka, nipo, mimi ndugu yako—"

Nikamfinya.

"Mlango."

Shemeji akanyanyuka nusu. Akaninong'oneza upepo unampiga, nikaufunge? Nikamwambia keti. Bado hajafika. Akaketi, jasho linamtoka, maana kunyamaza kwake ni kazi ya sulubu. Mzee alikuwa anatafuta. Ulimi ukaja mbele, ukarudi.

"Toka."

Wewe, mlango, toka! Tulitazamana. Kisha ule upande wa mdomo ukapanda, mabega yakaanza kutikisika, na shemeji akaangua kicheko mpaka miwani ikaanguka, kisha kicheko kikageuka, akaenda akapiga magoti akamlalia kaka yake miguuni analia kwa sauti. Alisema huyu ndiye kaka yake, ndivyo alivyokuwa akimfukuza chumbani tangu utoto. Mzee akamwekea mkono kichwani.

Nilimsimulia habari ya Enta. Alishika kichwa. Akasema yeye ndiye aliyemponza kaka kwa binti. Nikamwambia sote tulishika simu ileile. Akaahidi kumpigia binti amweleze. Kama ninavyomjua atachukua saa nzima kufika kwenye kitenzi.


Jumanne, 11 Machi

Leo hakuna la kuchekesha.

Bafuni mguu wake ulikunjika nikamdaka. Nilimdaka vizuri, ila mgongo wangu ukasema kraa, tukashuka wote wawili taratibu mpaka chini kwenye maji. Tulikaa hapo tumeegemea ukuta mpaka shemeji alipofika kutuinua. Hakuumia. Mimi siwezi kuinama kuokota hata kipande cha uzi.

Aliniangalia kwa huruma, nami sikutaka kuangaliwa hivyo. Mimi ndiye mwenye zamu ya kuhurumia.

Basi ukweli ni huu, na hapa hakuna wa kunisikia. Binti hajakosea. Kule watamshika watu wenye nguvu. Kule labda atatembea. Kujua kwamba akili yake ni nzima hakujamrudishia mguu. Nikimng'ang'ania hapa, nang'ang'ania kwa faida ya nani? Sitaki kuamka kwenye kitanda kisicho na mkoromo wake. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ni hoja ya mtu mchoyo.

Na mwenyewe anataka nini? Sasa najua namna ya kumuuliza. Naogopa jibu.


Alhamisi, 13 Machi

Sijamuuliza. Nimemfulia nguo, nimezikunja, nimeziweka begini. Nimezitoa. Nimezirudisha.

Mwalimu kaja, kafurahi na mzee, wamefika kwenye sain na kosain. Mzee kasema "Kilima. Pembe. Pima." Mwalimu kapiga makofi. Mimi niliona kilima chenyewe, na yeye juu yake, na darubini yake ya miguu mitatu. Nilikwenda jikoni.


Ijumaa, 14 Machi

Binti kawahi, kaja leo mchana. Kapendeza, kakonda. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika baba yake mashavu.

"Mwanangu," mzee akasema, na sauti ikakatika kidogo. Kisha, "Njia."

Binti akadakia. Njia ilikuwa nzuri, Baba, foleni kidogo tu pale mwanzo, nimekuletea na mto wa shingo wa kusafiria. Mzee akafumba macho. Mimi nikamwonyesha binti kidole mdomoni, lakini lile neno lilikuwa limeshafukuzwa. Hatutajua njia ilitakiwa ifanye nini.

Baada ya chakula nilimweleza yote. Shemeji alikuwa amempigia, ila alielewa nusu. Nikamkabidhi kalkuleta, alinunua mwenyewe na hajawahi kuishika. Alishangaa kama mimi, hiki kidogo hivi? Hakina sawasawa kweli? Baba yake akamwongoza kidole. Saba. Enta. Tano. Jumlisha. Kumi na mbili ikatokea, binti akaitazama mpaka kioo kikajizima chenyewe. Alimwambia baba yake, nisamehe. Mzee akampigapiga mkono, yakaisha.

Lakini binti yangu ni binti yangu. Jikoni alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini. Mama, hata kama akili ni timamu, mguu je? Na wewe unavyosimama umejipinda, unadhani sikuona? Nikamwambia nimelala vibaya. Akasema umelala bafuni? Kumbe shemeji kamwambia na hilo, bomba lile.

Nikamwambia baba yako huenda hataki kwenda. Akaniuliza amesema? Nikasema hajasema, lakini mimi namjua, sasa namsubiri, namsikia. Akanitazama. Akaniuliza hivi: Mama, una hakika vitenzi unavyovisubiri ni vya Baba, si vya kwako?

 Nilisugua sufuria iliyokuwa tayari safi. Mtoto nimemzaa mwenyewe na ulimi nimempa mwenyewe, nitamlaumu nani.

Akaja akanikumbatia kwa nyuma. Tukakubaliana. Kesho asubuhi yeye atauliza, swali moja, halafu sote wawili tutanyamaza. Atakalosema ndilo. Akisema kwenda, mimi nitalibeba begi mwenyewe mpaka garini, na mgongo wangu utajijua.


Jumamosi, 15 Machi

Gari liko mlangoni. Begi liko mlangoni. Mzee yuko kwenye kiti chake, shati la mfuko mdogo, kalkuleta mkononi.

Binti ameuliza. Ameuliza vizuri, bila kumwekea jibu. Baba, tumekupangia sisi, hatukukuuliza wewe. Wewe unataka iwe vipi?

Ameketi sasa hapa ubavuni mwangu, amejishika magoti. Mimi nimechukua daftari hili. Nikiwa siandiki nitasema, na nikisema nitamharibia. Kwa hiyo naandika kila kitu kinavyokuja, mkono ufanye kazi, mdomo ukae.

Mzee anatazama chumba. Kabati. Dirisha. Mimi. Hana haraka hata kidogo, utafikiri anapima uwanja.

"Cherehani."

Na kidole gumba kikabonyeza. Tik. Nimeona kilipobonyeza. Enta! Anajisaidia kwa Enta. Ameingiza cherehani.

Cherehani ya nini? Binti kanitazama. Nami sijui. Nilitegemea atasema hospitali, au nyumbani, au mguu. Cherehani?

 Jogoo wa jirani anawika saa mbaya. Mzee kafumba macho, kayafumbua.

"Wewe." Kaninyooshea kidevu. Tik.

Naandika mbio, maandishi haya sitayasoma kesho.

"Mimi." Tik.

Binti kaanza kulia bila sauti. Mwache alie, mradi hasemi. Mzee anapumua kwa nguvu, jasho kwenye paji la uso. Natamani kumfuta na sisogei. Muda unakwenda. Akitafuta sana huwa yanakauka, nalijua hilo, Mungu wangu yasikauke sasa.

"Gari."

Hakubonyeza.

Binti ameninong'oneza, amechoka, Mama, amesahau kubonyeza. Nimetikisa kichwa. Hajasahau. Namba ya mwisho haifuatwi na Enta. Ukishaiweka hiyo, vitu vimetimia, kinachofuata ni tendo.

Cherehani, wewe, mimi, gari. Wiki nzima nimejiuliza kama ataenda au atabaki. Binti alijiuliza hivyohivyo. Hakuna kati yetu aliyepiga hesabu yenye watu wawili ndani yake. Yeye kaipiga: iwe kubaki, iwe kwenda, ni sote na cherehani yetu. Cherehani imenitangulia mimi mkewe, hilo tutagombana, lakini nimo. Nimeshaingizwa.

Midomo yake imefungana. "Baki" linaanza hivyo, midomo imefungwa. "Pakia" nalo linaanza hivyohivyo. Binti amevuta pumzi aseme kitu, nimemkanyaga kidole cha mguu, naandika bila kutazama karatasi, mistari inapandana, namtazama yeye tu, midomo bado imefungana na